Mbwa Aliyeogopa Geti

Jirani yangu hapa Njiru ana mbwa wawili, na kila Jumamosi asubuhi huwachemshia mapafu ya ng'ombe nje ya nyumba yake, katika sufuria nyeusi ambayo sidhani imewahi kuoshwa. Harufu yake ni nzito, ya damu tamutamu na moshi wa makaa. Wageni wangu huziba pua. Mimi huacha ninachofanya nikakaa kitako, kwa maana harufu hiyo ikishaingia dirishani siko tena Njiru. Niko Umoja, kwenye ploti yetu ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja wa simenti, mdomo una pengo la meno ya utoto, na kipande cha pafu kinanichoma vidole huku Baba akiniambia, "Bado, Kageha. Bado. Sasa mpe."

Baba alikuwa akifundisha mbwa wa ulinzi. Alikuja Nairobi kutoka Maragoli akiwa kijana, akaanza kama soja wa kulinda geti la kiwanda, halafu kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ikagundua kwamba mbwa walimtii bila yeye kupaza sauti. Wakamtoa getini wakampeleka kwenye vibanda vya mbwa. Baba za wenzangu walirudi jioni wakinuka grisi au saruji. Wangu alirudi akinuka mbwa, na suruali yake ilijaa manyoya ambayo Mama aliyachomoa moja moja kabla ya kufua, akinung'unika. Mimi nilijivunia. Nilikuwa nikiwaambia watoto wa ploti kwamba baba yangu ni mwalimu.

Siku aliyomleta Koplo nyumbani tulikuwa tukicheza mchezo wetu wa bladi uani. Pikapu ya kampuni ilisimama nje, na Baba akashuka na mbwa mkubwa, mgongo mweusi, masikio yamesimama wima. Kwa jina lile nilidhani alikuwa koplo kweli, kwamba alipigana vita mahali fulani akapewa cheo. Nikawaambia wenzangu wasogee wamwone. Kisha mpangaji mmoja akaingia, na kama ilivyo desturi ya ploti yetu, akalisukuma geti nyuma yake kwa kisigino. Lilikuwa geti zito la chuma na mabati, bawaba hazijawahi kuona mafuta. Likalia na kugonga. Koplo alianguka kifudifudi, akatambaa hadi nyuma ya tangi la maji, na mkojo ukamfuata kwenye simenti.

Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi niliona haya kana kwamba ni mimi niliyejikojolea.

Jioni, tukila ugali na mrenda, nilimuuliza Baba kwa nini ametuletea mbwa mwoga. Alimaliza kwanza tonge lake.

"Usimcheke anayeogopa kabla hujajua alichokiona," alisema. Halafu akatusimulia. Koplo alikuwa mbwa hodari kuliko wote pale kazini, mpaka siku moja akabadilika ghafla, asipite geti lolote. Meneja alitaka achomwe sindano alale moja kwa moja. Baba aliomba apewe nafasi amchukue nyumbani hadi ukaguzi wa mwisho wa mwaka. Lakini kwanza alimtafuta yule soja aliyekuwa zamu na Koplo siku ile. Alikuwa amehamishiwa Athi River. Baba alimfuata huko siku yake ya mapumziko.

"Akaniambia lori lilirudi kinyumenyume likaangusha geti, na Koplo alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya geti lile lile. Hakuwa na pa kukimbilia. Geti likamwangukia, mnyororo ukamshika. Sasa geti lolote likilia, yeye anasikia lile moja."

"Ulienda Athi River kwa ajili ya mbwa?" Mama akauliza.

"Mama Luvai, utamfundisha vipi mtu kama hujui kilichompata?"

Ndivyo alivyosema: mtu. Nayakumbuka maneno hayo na mwanga wa taa ulivyokuwa ukutani. Laiti ningekuwa mkubwa kidogo, ningeyaweka akiba.

Mafunzo yalianza karibu na mfereji wa maji ya bomba, mwisho kabisa wa ua, mbali na geti. Baba aliketi kwenye kigoda, Koplo miguuni pake, na mimi nikatumwa getini kulifungua na kulifunga taratibu, kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Likilia kidogo, Baba alitoa pafu. Koplo alitetemeka, akala. Akiendelea kula bila kutetemeka, Baba alisogeza kigoda mbele kidogo, kiasi cha unyayo. Majirani walipita wakitutazama na kucheka, wengine wakimwita Baba daktari wa mbwa. Yeye aliwaitikia salamu akaendelea.

Tulikuwa tumefika katikati ya ua siku mwuza maji alipolikumba geti kwa mkokoteni. Mlio wake hata mimi ulinishtua. Koplo alikata kamba, akaingia nyumbani kwetu, akajipenyeza chini ya kitanda cha wazazi, akawa hatoki wala hali. Nilikaa mlangoni nikalia. Kazi yote ile imekwenda bure, nilimwambia Baba. Alipangusa uso wangu kwa kiganja kilichonuka mapafu.

"Haijaenda bure. Ametuambia tulikuwa na haraka."

Alibeba kigoda akakirudisha hadi kwenye mfereji, pale pale tulipoanzia. Nilishangaa kwamba hakukasirika.

"Akirudi nyuma, unarudi nyuma naye," alisema. "Unatafuta mahali ambapo hakuwa na hofu, unaanzia hapo. Ukimpiga akiogopa, umemfundisha kitu kimoja tu, kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Na usimwache mbwa alale ameshindwa. Mwombe kitu kidogo anachokiweza. Akikifanya, msifu, halafu mwache apumzike."

Akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya kitanda, akasema kwa sauti ya chini, "Koplo. Keti." Kule gizani, kwa kadiri kitanda kilivyomruhusu, Koplo akaketi. "Vizuri," Baba akasema. "Vizuri sana, kijana wangu." Na siku ikaishia hapo.

Ni katika majuma hayo ndipo kaka yangu Luvai aliporudi kutoka shule.

Luvai alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko magharibi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ploti yetu kwenda bweni, na Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka. Baba aliporudi alitembea mlango hadi mlango akisimulia jinsi shule ilivyo na miti na maabara. Kwa hiyo Luvai alipoingia getini katikati ya muhula, amebeba sanduku la bati lisilo na kufuli, shingo imekuwa nyembamba, wapangaji walinyamaza. Mimi nilimrukia. Nilidhani nimeelewa: amesikia tuna mbwa, akaja kumwona.

Baba alimkuta ameketi kitandani, sanduku miguuni.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, Baba."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi unafanya nini hapa?"

Luvai alitazama sakafu. "Sitaki kusoma huko."

"Hutaki," Baba akarudia, kana kwamba ni neno la kigeni. "Kesho unarudi."

Alimrudisha kweli, akamkabidhi kwa mwalimu, akarudi Nairobi na basi la jioni. Kabla ya mwisho wa juma Luvai alikuwa uani tena, safari hii bila sanduku.

Nilimwona akioga. Bafu la ploti lilikuwa na pazia tu, upepo ukalipeperusha, na mgongoni, chini ya bega, kulikuwa na kovu bichi lenye ncha upande mmoja na bapa upande wa pili. Hata mtoto angejua umbo lile.

"Hiyo ni nini?"

Alijifunika upesi. Kisha akacheka kidogo, cheko ambalo halikufika machoni. "Nilichelewa asembli. Nikapiga shati pasi nikiwa nimelivaa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwangu hicho kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Niliwasimulia marafiki zangu wote, kila mmoja akacheka, na kwa muda mrefu tukimwona mtu akipiga pasi tulimwuliza kama atavua kwanza. Luvai aliniomba kitu kimoja tu: "Usiambie buda wala mathe, sawa? Wataniona fala." Nikatunza ahadi yangu, kwa sababu sikutaka kaka yangu aonekane mjinga mbele ya Baba. Nilikuwa nimeshapata watoto wangu mwenyewe ndipo siku moja, nikiwa na pasi mkononi juu ya sare ya mwanangu, nilijaribu kufikiria mtu angewezaje kujiunguza pale mgongoni, na nikagundua kwamba mkono wa mtu haufiki.

Baba alimpiga kwa mshipi jioni ya pili. Sikuwahi kumwona Baba akimpiga mtu. Mama alisimama mlangoni mikono kichwani, akisema, "Baba Luvai, inatosha, inatosha," na Koplo alikuwa akilia nje. Luvai hakulia. Baba alikuwa akihema na kuuliza, kila pigo na swali lake: "Miti ile yote haikutoshi? Unajua nani angeipata nafasi ile? Unajua?" Nami, kwa akili ya mtoto aliyefundishwa vizuri, nikaona Baba amesahau. Nikamshika suruali.

"Baba, amerudi nyuma tu," nikasema. "Turudi nyuma naye."

Mkono wake ulisimama hewani. Alinitazama kwa muda, na nadhani, ingawa huenda ni mimi ninayetaka iwe hivyo, kwamba kuna kitu kilitaka kufunguka usoni mwake. Halafu akakunja mshipi.

"Luvai si mbwa," alisema, akatoka nje.

Nililala nikiyatafakari maneno hayo. Nilielewa kwamba mbwa akishindwa huruhusiwa kurudi kwenye mfereji, lakini mtu haruhusiwi. Nikaona kwamba kuzaliwa mtu ni hasara kubwa, na nikamwonea Koplo wivu.

Kuanzia hapo Baba na Luvai hawakusemezana ila kwa kupitia kwa Mama. "Mwambie mwanao asafishe banda la mbwa." "Mwambie Baba nimesafisha." Baba alikuwa ameandika barua shuleni akiomba wampokee tena muhula ujao, na aliamini kwamba aibu ya kukaa nyumbani wenzake wakisoma ingemfanya kijana abadili nia. Mchana, Baba akiwa kazini, Luvai alibaki na Koplo.

Nikirudi kutoka shule niliwakuta wameketi pamoja sakafuni, migongo ukutani, wala hawafanyi lolote. Luvai hakutumia kigoda wala hakupima kwa unyayo. Alikaa tu, kisha baada ya muda akahamia mahali pengine karibu zaidi, na Koplo akaja mwenyewe akajilaza pajani pake. Geti likilia na mbwa akatetemeka, Luvai hakumwambia kitu. Alimwekea mkono shingoni, akangoja. Siku nyingine walirudi hadi kwenye mfereji wakakaa huko alasiri nzima. Nilimuuliza kama hachoki.

"Nichoke na nini?" akasema. "Huyu haniulizi kitu."

Nilikuwepo siku walipopita. Ilikuwa jioni yenye jua, mvua za mwisho wa mwaka bado hazijaanza. Luvai alifungua geti lote wazi, akatoka nje, akachuchumaa kwenye vumbi la barabara, mgongo kwetu. Hakuita. Koplo alisimama kwenye kizingiti akilialia, mguu mmoja juu. Mpangaji mmoja akatoka na ndoo, akaona, akaiweka chini polepole bila kelele. Koplo akaruka kile kizingiti kama anayeruka moto, akamwangukia Luvai, wakabingirika vumbini, na Luvai akacheka. Kicheko chenyewe, kile chake cha zamani. Nami nikapiga kelele, na ploti nzima ikapiga makofi.

Wakatembea. Nikawafuata mpaka karibu na barabara ya Outer Ring, Koplo kichwa juu, masikio wima, kamba imelegea. Tukapita mageti mengi, mengine yakifunguliwa, mengine yakigongwa. Alisita mara kadhaa, Luvai akasita naye. Tulipogeuka kurudi tukamwona Baba akitoka steji ya matatu na mfuko wake wa mapafu.

Alisimama pale pale. Uso wake ulifunguka wote, sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Alipiga goti moja barabarani kwenye suruali ya kazi, akakumbatia shingo ya mbwa. "Koplo! Ah, Koplo! Vizuri, kijana wangu. Vizuri sana." Alimpapasa masikio, kifua, miguu. Luvai alikuwa amesimama juu yao ameshika kamba, akingoja. Naliona hata leo lile tabasamu alilokuwa amelianza, limefika nusu.

Baba akainuka, akajipangusa goti. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo alipomtazama Luvai, halafu likaondoka.

"Na shule?" akauliza.

Luvai alimpa kamba, akatangulia nyumbani.

Siku chache baadaye aliondoka. Hakukuwa na ugomvi. Alimwambia Mama anaenda kumwona rafiki, na jioni mtu akatuletea habari kwamba yuko Muthurwa, anabeba mizigo ya wachuuzi na kulala kwa kijana wa kwetu Maragoli. Baba alisema njaa itamrudisha. Mama alimpelekea nguo na chakula, akarudi macho mekundu. Barua ya shule ilikuja ikisema nafasi ipo. Ikakaa juu ya redio mpaka ikawa rangi ya chai.

Koplo alipita ukaguzi. Meneja alimsifu Baba mbele ya wafanyakazi wote, akamwomba awafundishe wengine njia yake. Baba alitusimulia hayo wakati wa chakula, halafu akasema kwa sauti tofauti, akimtazama Mama, "Niliwaambia kazi ni yangu. Sikumtaja kijana." Mama aliinuka akaanza kutoa vyombo ingawa hatukuwa tumemaliza.

Luvai hakurudi. Alibeba mizigo, akauza viatu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia, mwishowe akapata kibanda chake. Alioa, akazaa. Sisi tulimtembelea, naye alikuja kwa Mama mchana wakati Baba hayupo. Baba alipostaafu alisema siku moja anaenda mjini kununua viatu. Alirudi mikono mitupu. Alikaa mlangoni akavua kofia.

"Nimemwona," akasema.

"Mmeongea?" nikamuuliza.

"Alikuwa na wateja." Akaizungusha kofia mikononi. "Anawapimia polepole. Hawaharakishi. Ana mkono mzuri na watu."

"Ungemwambia, Baba."

"Ningeanzia wapi?" akaniuliza, na halikuwa swali la kujitetea. Alitaka kweli nimwambie. Mimi, ambaye mtu huyu ndiye aliyenifundisha pa kuanzia, nilimpokea kofia nikaitundika ukutani.

Aliugua kiharusi alfajiri moja akijiandaa kwenda kanisani. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka yote. Nilimpigia Luvai simu nikiwa nimejiandaa kumsihi, lakini aliniuliza tu ni wadi gani. Alifika saa ya kuwaona wagonjwa, amevaa koti. Mvi zilikuwa zimeanza kumwingia kwenye ndevu. Alisimama mlangoni mwa wadi muda mrefu, wageni wengine wakimpita kulia na kushoto, na sikumsukuma. Halafu akaingia, akavuta kiti hadi kitandani, akaniomba niwaachie nafasi.

Nilingoja kwenye korido, kwenye benchi, karibu na mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa. Kupitia kioo cha mlango niliona mgongo wa kaka yangu, na mabega yake, na jinsi alivyokuwa akisema bila kuacha, kama mtu anayemimina mfuko. Wakati fulani alivua koti. Wakati fulani mkono mzima wa Baba, ule wa kushoto, uliinuka kutoka kwenye shuka.

Kengele ilipogongwa ya wageni kuondoka, Luvai alitoka. Aliketi kando yangu.

"Nimemwambia," alisema. "Yote ya bweni. Waliyonifanyia, na majina yao."

"Amesikia?"

"Amesikia. Amelia, Kageha." Akaangalia mikono yake. "Halafu akawa anataka kuuliza kitu. Mdomo umehangaika, umehangaika. Nimengoja. Nimemwambia, chukua muda wako, Baba, siendi popote. Lakini haikutoka."

Baba alitutoka kabla ya juma hilo kwisha. Tulimzika Maragoli, Luvai akatangulia jeneza kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa, na watu wakasema familia imepatana. Hivi karibuni nilipita kibandani kwake Muthurwa, na wateja walipopungua akaniuliza tena kile ambacho huniuliza kila tukikutana, kwamba Baba alitaka kuuliza nini. Nikamwambia sijui. Akachukua kiatu, akakipangusa vumbi, akakirudisha mahali pake.

"Lingekuwa swali lolote," akasema, "ningelijibu."